Sura ya Saba: Tarumbeta Halina Maneno, Hadithi Inatoka Wapi?

Kwaya ikiimba habari za Nuhu, kila mtu anaelewa. Nuhu anatajwa, safina inatajwa, njiwa anatajwa, na mzee aliyekaa benchi la nyuma anatikisa kichwa kwa kuwa sura hiyo anaijua. Sasa waondoe waimbaji. Weka watu arobaini wenye klarineti, matarumbeta, tromboni na ngoma, wasitamke hata silabi moja, halafu uambiwe kwamba walichopiga ni gharika yenyewe, tangu wingu la kwanza hadi upinde wa mvua. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo watu hawachoki kuliuliza: bendi isiyo na maneno inawezaje kusimulia hadithi ya Biblia?

Swali hili halina jibu la neno moja, na ndiyo maana nimelipa sura nzima. Jibu langu ni kwamba nusu ya hadithi iko kwenye ala na nusu nyingine wanayo wasikilizaji. Bendi inamgusa mtu pale anapojua tayari, kisha inamfanya alisikie upya jambo alilolizoea. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria tunazo nusu zote mbili, ingawa ya kwanza hatujaitumia ipasavyo.

Bendi tunayoizungumzia

Katika sura hii nikisema bendi ya kupuliza, nina maana ya kundi kubwa la wapigaji wanaotegemea pumzi: filimbi, klarineti, saksafoni, matarumbeta, tromboni na tuba, na nyuma yao ngoma kubwa, ngoma ndogo na matoazi. Gitaa halimo. Tanzania tunaiona zaidi kwenye sherehe za kitaifa, bendi za Jeshi, Polisi na Magereza zinapopiga wimbo wa taifa na muziki wa gwaride. Ndugu yake mdogo ni bendi ya matarumbeta, yenye ala za shaba na ngoma tu. Hiyo ndiyo tunayokutana nayo Mwanza Jumamosi mchana, maharusi wakitoka kanisani.

Simama kando ya Barabara ya Makongoro uitazame ikipita. Ngoma kubwa unaisikia kabla hujaliona gari. Kisha linatokea pikapu, wapigaji sita au saba wamekaa ukingoni mwa bodi, mmoja amelikumbatia tuba lililobonyea ubavuni. Mwenye tarumbeta la kwanza amekaza mashavu, na macho yake yako barabarani, maana gari likiingia kwenye shimo wakati mdomo wa tarumbeta umegusana na midomo yake, meno ndiyo yatakayolipa. Wanapiga pambio linalojulikana. Daladala inasimama kuwapisha, na ndani yake abiria wanaanza kuimba: mmoja, wawili, gari zima.

Hapo jibu la swali letu limeshaanza kuonekana. Bendi haikutamka neno. Maneno yametoka ndani ya daladala.

Mjerumani aliyeandika maelezo pembeni

Jambo hili lilimshughulisha Johann Kuhnau, mpiga kinanda wa kanisa huko Leipzig, Ujerumani, aliyemtangulia Johann Sebastian Bach katika kazi ya kusimamia muziki wa Kanisa la Mtakatifu Thomas. Mwaka 1700 Kuhnau alichapisha vipande sita vya kinanda kitupu, bila mwimbaji, kila kimoja kikisimulia habari ya Agano la Kale. Kimo kisa cha Daudi na Goliathi. Kimo kisa cha Sauli akitulizwa kwa kinubi cha Daudi, na kingine cha ndoa ya Yakobo. Jiwe linaporushwa kwa kombeo, vidole vinakimbia juu ya kinanda kwa kasi. Jitu linapoanguka, sauti zinaporomoka chini.

Lakini Kuhnau hakuwa na ndoto kwamba msikilizaji angeyajua hayo yote kwa kusikia tu. Kila kipande alikitanguliza kwa maelezo, na ndani ya nota akaandika kinachotokea: hapa Goliathi anatamba, hapa Waisraeli wanatetemeka. Alifanya na jambo jingine la busara zaidi. Alipofika kwenye hofu na sala ya Waisraeli, alichukua wimbo wa Kilutheri unaotokana na Zaburi ya 130, ambao waumini wa Leipzig waliujua tangu utotoni, akauweka humo. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Vidole vilipogusa wimbo ule, kila aliyekuwepo alijua kwamba watu wanamlilia Mungu kutoka vilindini.

Ni njia ileile ya pikapu ya harusi, ila kwa Kuhnau inafanya kazi ndani ya hadithi. Tuni inayojulikana huja na maneno yake.

Kwa ufupi: muziki usio na maneno husimulia kwa msaada wa mambo matatu, yaani jina la kipande, hadithi ambayo wasikilizaji wanaifahamu, na tuni za zamani zinazobeba maneno yake zenyewe.

Gharika ya dakika kumi

Mfano wa karibu na wakati wetu ni wa Mbelgiji Bert Appermont, aliyezaliwa mwaka 1973. Mwaka 1998 aliandika kipande cha bendi ya kupuliza kiitwacho Noah's Ark, yaani Safina ya Nuhu, kinachochukua takribani dakika kumi. Kina sehemu nne zinazofuatana: ujumbe unaomfikia Nuhu, msafara wa wanyama, dhoruba, na mwisho wimbo wa matumaini. Bendi za wanafunzi na za watu wazima katika nchi nyingi hukipiga, na nadhani siri yake ni huo mgawanyo. Mtoto aliyesoma shule ya Jumapili hawezi kupotea njia. Akisikia mwendo wa kutembea umeanza, anajua wanyama wanaingia. Ngoma zikianza kunguruma, anajua mlango umefungwa.

Wengi wanafikiri mtunzi anaiga tu: radi kwa ngoma, ndege kwa filimbi. Kuiga kupo, lakini ni sehemu ndogo. Ukisikiliza vipande vya aina hii kwa makini utaona mtunzi anashika mambo haya:

- Kimo cha sauti, yaani juu au chini. Tuba na tromboni zikishuka chini kabisa, mwili unahisi uzito kabla akili haijafikiri lolote.
- Mwendo, yaani haraka au polepole. Msafara una hatua sawa. Hofu huivuruga hatua.
- Rangi ya ala. Nota moja ikipigwa na klarineti ina upole. Ikipigwa na tarumbeta inakuwa amri.
- Ukimya. Hiki ndicho watunzi wachanga wanachokiogopa zaidi, na ndicho kinachoonyesha kwa haraka nani amekomaa.

Si kila mtunzi huchagua hadithi tamu. Mmarekani David Holsinger aliandika mwaka 1986 kipande kinachotokana na 1 Mambo ya Nyakati sura ya 20, habari ya Yoabu kuuzingira mji wa Raba majira ambayo wafalme huenda vitani. Humo wapigaji wenyewe hushusha ala zao na kuimba, sauti za binadamu zikichomoza katikati ya vishindo vya ngoma. Kipande hicho kilipata tuzo ya Ostwald ya chama cha viongozi wa bendi cha Marekani. Kinanivutia kwa sababu hakijaipaka vita sukari, na hadithi za Biblia zikipakwa sukari hupoteza nguvu mapema.

Pembe za Yeriko na vibuyu vya Busoga

Tukisema kuta za Yeriko, wengi wetu tunaona matarumbeta yanayong'aa. Yoshua sura ya 6 inazungumzia pembe za kondoo dume: makuhani saba, pembe saba, mzunguko mmoja kwa siku kwa siku sita, na siku ya saba mizunguko saba, jumla 13. Muda wote huo watu waliamriwa wanyamaze hadi watakapoambiwa wapige kelele. Kwa mtunzi, huo ni mpango kamili wa muziki uliokwisha kuandikwa: sauti chache zinazorudiwa, umati ulionyamaza, kisha mlipuko mmoja. Si ajabu kisa hiki kimewavuta wengi, akiwemo Mmarekani Morton Gould, aliyeitungia bendi kipande chenye jina la Yeriko.

Pembe ya kondoo haina vitufe, hivyo hutoa sauti chache sana. Tarumbeta la leo ni bomba la karibu mita moja na nusu lililokunjwa. Mpigaji hutetemesha midomo, hewa iliyomo ndani inaitika, na akibonyeza kitufe hewa inapitishwa kwenye kipande cha ziada cha bomba, basi njia inakuwa ndefu na sauti inashuka. Vitufe hivyo vilibuniwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 19. Kabla ya hapo, mpigaji wa tarumbeta la kawaida alikuwa na sauti zile tu ambazo bomba lake lilimruhusu.

Na hapa ndipo nchi za ziwa hili zina jambo la kulifundisha jiji lolote lenye bendi kubwa. Upande wa kaskazini wa ziwa, katika ufalme wa Busoga nchini Uganda, kuna muziki uitwao bigwala. Wapigaji watano au zaidi hupuliza matarumbeta marefu yaliyotengenezwa kwa vibuyu vilivyounganishwa, na kila tarumbeta lina sauti moja tu. Mpigaji hawezi kupiga tuni peke yake. Anangoja zamu yake, anaingiza sauti yake palipo na nafasi, mwenzake anafuata, na tuni nzima inazaliwa katikati yao. Ulikuwa muziki wa kasri, wa kumsimika mfalme na wa kumzika. Mwaka 2012 UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa sababu wazee wanaoujua vizuri walikuwa wamebaki wachache mno.

Nitasema wazi ninachoamini: anayetaka kujua Yeriko ilisikikaje asikilize bigwala kabla ya kwenda kwenye rekodi za Ulaya. Kundi linalozunguka, kila mtu na sauti yake moja, hakuna anayeweza kujitenga na wenzake. Hilo liko karibu na makuhani saba kuliko tarumbeta la shaba lenye vitufe vitatu.

Shaba ilivyofika kwetu

Ala za shaba zilikuja kwa njia mbili, kambi ya askari na misheni. Huko Freretown, karibu na Mombasa, makazi ya watumwa walioachiwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875, kulikuwa na bendi ya shaba. Katika miaka ya 1890 vijana wa pwani waliuchukua mtindo huo wa tarumbeta na gwaride wakautia kwenye ngoma yao wenyewe, beni, ambayo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilikuwa imeenea hadi miji ya bara.

Walutheri wana historia yao. Mwaka 1843 katika kijiji cha Jöllenbeck, karibu na Bielefeld, Ujerumani, lilianzishwa kundi la vijana wa kanisa la kupuliza ala za shaba, na kutoka hapo makundi ya namna hiyo yakasambaa sharika kwa sharika. Mchungaji Johannes Kuhlo ndiye aliyeyapa nguvu zaidi, naye alifanya kazi Betheli, hapo hapo Bielefeld. Misheni ya Betheli ndiyo iliyofika Bukoba, ng'ambo ya ziwa kutoka Mwanza, mwaka 1910. Jeshi la Wokovu nalo lilianza kutumia bendi ya shaba Uingereza mwaka 1878, kwa baba mmoja na wanawe watatu mjini Salisbury, na likaanza kazi Tanganyika mwaka 1933 huko Tabora.

Urithi huu wa pande mbili, Ujerumani na Uingereza, una usumbufu wake, na kila anayefundisha tarumbeta aujue. Vikundi vya Kilutheri vya Kijerumani husoma nota kama zinavyosikika, ili wapigaji watumie kitabu kilekile cha nyimbo wanachotumia waumini. Waingereza na Jeshi la Wokovu huandika tofauti: nota inayoitwa do kwenye karatasi, kwenye tarumbeta la kawaida inasikika hatua nzima chini yake. Faida yake ni kwamba mtu aliyejifunza ala ndogo anaweza kuhamia tuba bila kujifunza vidole upya. Mweke mpigaji wa mfumo mmoja karibu na wa mfumo mwingine, uwape karatasi moja, na watapishana hatua nzima tangu mwanzo hadi mwisho, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye aliyekosea.

Kwetu tatizo hilo mara nyingi huzimwa na solfa, ile do-re-mi ya herufi ambayo walimu wa kwaya huandika ubaoni. Ukimwonyesha mpigaji do yake iko wapi, mengine atayatafuta kwa sikio. Solfa ndiyo iliyozilea kwaya za Kanda ya Ziwa, za Africa Inland Church Tanzania (AICT), za Kikatoliki na za Kilutheri, na imewafanya walimu wetu kuwa mabingwa wa kuweka maneno ya Biblia kwenye sauti nne. Ubingwa huo una gharama yake: matarumbeta yamebaki ya kusindikiza. Yanapiga utangulizi, yanajaza nafasi kati ya ubeti na ubeti, yanatembea na harusi. Kuachiwa yabebe kisa kizima peke yake ni nadra.

Kwa ufupi: ala tunazo, masikio ya kusikia sauti nne tunayo, na hadithi watu wanazijua. Kinachokosekana ni vipande vilivyoandikwa kwa ajili ya bendi zetu wenyewe.

Hadithi ipi basi iandikwe Mwanza?

Ningeanza na Marko 4:35–41, Yesu anapotuliza dhoruba. Ni kisa cha wavuvi, usiku, kwenye mitumbwi. Ziwa la Galilaya lina eneo la kilometa za mraba 166 hivi. La kwetu lina kama 68,800, zaidi ya mara mia nne. Lao liko zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa bahari, na pepo za ghafla hushuka kutoka kwenye milima inayolizunguka. La kwetu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na dhoruba zake zina ratiba nyingine. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku nchi inapoa haraka kuliko maji, upepo unageuka, hewa kutoka pande zote inakutana juu ya maji yenye joto, inapanda, na radi zinapiga zaidi kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri. Ni saa zilezile wavuvi wa dagaa wanapokuwa majini na taa zao. Muulize yeyote anayepanga ndoo pale Mwaloni Kirumba. Ataieleza dhoruba ya Marko bila kufungua kitabu.

Kwa sababu hiyohiyo mtunzi anatakiwa awe na adabu. Mwanza ni jiji lililozika watu wa MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya abiria. Makaburi yao yako Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, na zaidi ya watu 200 wakafa. Ajali zile hazikuletwa na dhoruba, lakini kwa aliyempoteza mama au kaka majini, sauti ya maji yanayopanda si pambo la muziki. Ngoma za radi zisipigwe kwa kuonyesha nguvu za mpigaji. Dakika moja ya dhoruba inatosha. Ikizidi hapo, mtunzi anajifurahisha mwenyewe kwa machungu ya watu.

Kwa bendi ya watu tisa, ningegawa kazi hivi. Tuba na ngoma waanze na kasia: mapigo mawili, mazito, yasiyobadilika. Tarumbeta la pili na la tatu walete wimbo wa jioni unaojulikana na madhehebu yote, polepole, kwa sababu kisa kinaanza jua likizama. Upepo uanzie kwa tromboni, kwa kuwa ni ala yenye mkono wa kuteleza na inaweza kupanda bila ngazi, kama upepo unavyopanda. Kwa radi nisingetumia ngoma ya gwaride. Ngoma za Kisukuma zinazosikika kwenye mashindano ya Bulabo pale Bujora, Kisesa, zina sauti nzito ambayo mtu wa hapa ataijua kuwa ni ya kwao. Yesu aliyelala kwenye shetri asipewe ala yoyote. Wote wanapiga, yeye hasikiki. Hofu ya wanafunzi inatokana na hilo.

Amri ya kutulia ningempa tarumbeta la kwanza, nota tatu tu, na baada yake ukimya wa mapigo manane kamili. Mwongozaji awe mkali hapo, maana mpiga ngoma atatamani kuujaza.

Kuhusu mwisho, najua wengi wangependa wimbo mtamu wa shukrani. Marko hakuandika hivyo. Baada ya maji kutulia, wanafunzi waliingiwa na hofu kubwa, wakaulizana huyu ni mtu wa namna gani. Kisa kinaishia kwenye swali, na bendi nayo iishie hapo: matarumbeta yapande hadi ti na yakatike kabla ya kurudi kwenye do. Kanisa zima litaisubiri do hiyo, na isipigwe.

Na kabla ya yote, tufuate alichofanya Kuhnau. Msomaji asimame mbele asome aya zote saba kwa sauti, kwa utaratibu, kisha aketi. Asiongeze mahubiri. Mwongozaji ahesabu mapigo manne, na tuba ianze kupiga kasia.